Kuchagua Dirisha la Vioo vya Rangi kwa Nyumba Yako: Mwongozo Kamili

Picha ninayotumiwa ni ileile kila mara. Dirisha limeshafungwa, simenti bado mbichi pembeni, na vioo ambavyo dukani viliwaka kama peremende sasa vimekuwa ubao mweusi wenye michirizi. Chini yake swali: "Fundi, nimekosea wapi?"

Mara nyingi kioo hakina kosa. Ni kilekile alichokipenda. Tofauti ni kwamba dukani kilikuwa kimewekewa taa nyuma, na nyumbani nyuma yake kuna ukuta wa jirani, hatua mbili tu. Kioo cha rangi hakina mwanga wake, kinakopa ulio nyuma yake. Ukichagua picha kwanza halafu ukatafuta pa kuiweka, umeanza kazi kutoka mwisho.

Kwa hiyo humu picha na maua yanakuja hatua ya tano. Nimeandika nikifikiria nyumba za pwani, yaani Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Wa bara watabadilisha kidogo kwenye joto na chumvi, mengine ni yaleyale.

## Andaa hivi kabla ya kumpigia fundi

- Futi ya chuma. Ile ya fundi cherehani hurefuka ikivutwa.
- Simu yenye dira na kamera.
- Karatasi za selofani za rangi, zile za kufungia zawadi: nyekundu, bluu, kijani na njano. Zinapatikana duka la vifaa vya shule.
- Gundi ya utepe isiyoacha alama kwenye kioo.
- Karatasi ngumu ya kaki au maboksi yaliyokunjuliwa, kwa ajili ya kukata kielelezo cha umbo.
- Daftari na kalamu.
- Siku saba za subira. Wengi hukosa hii tu.

## Hatua ya 1: Angalia kilicho nyuma ya dirisha

Simama ndani, mahali utakapokaa au utakapopita kila siku. Tazama dirisha ukiwa hapo, usilisogelee. Unaona nini nyuma? Anga, mwembe, bati la jirani, au ukuta?

Anga ndiyo bora, kwa sababu inatoa mwanga karibu sawa kutwa nzima. Majani ya mti huleta kivuli kinachocheza, jambo zuri kwa vioo vyeupe na vya njano, lakini humeza kijani na bluu iliyokolea. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe na kupigwa na jua si mbaya kama watu wanavyodhani, maana unarudisha mwanga. Ukuta wa matofali bila lipu, kwenye uchochoro usiofika jua, utakuharibia kioo chochote.

Sasa angalia grili. Hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile za kwenye picha za mtandaoni. Nondo za nje huonekana wazi kupitia kioo kinachoonyesha ng'ambo, na mchana zinakuwa mistari mieusi inayokata maua yako vipande. Una njia tatu: mchoro upangwe ili mistari ya risasi (metali laini inayoshika vipande vya kioo pamoja) ifuate nondo, utumie kioo kizito cha rangi ya maziwa kinachoficha, au grili ihamie ndani. Wavu wa mbu nao hupunguza mwanga. Ukibaki nje ya kioo, hesabu rangi zote zitafifia kidogo.

Umefaulu ukiona: kutoka pale unapokaa, sehemu kubwa ya dirisha inaonyesha anga au kitu chenye mwanga. Kama sivyo, tafuta dirisha jingine nyumbani. Dirisha dogo la juu ya mlango au la kwenye ngazi mara nyingi linashinda lile kubwa la sebuleni.

## Hatua ya 2: Jua linapita wapi?

Fungua dira, andika dirisha linatazama upande gani.

Sisi tuko karibu na ikweta: Mombasa kama nyuzi 4 kusini, Zanzibar 6, Dar karibu 7. Saa sita mchana jua liko juu sana, na uvungu wa paa au baraza hulizuia. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana la Dar linapita upande wa kaskazini, miezi iliyobaki upande wa kusini. Matokeo yake madirisha ya kaskazini na kusini hupata mwanga mpole. Rangi zitaonekana kwenye kioo chenyewe, ila hazitaanguka sakafuni.

Ukitaka ile zulia ya rangi sakafuni, unahitaji mashariki au magharibi, ambako jua huingia likiwa chini. Mashariki ndiyo ninayoipendekeza: saa moja hadi saa tatu asubuhi chumba kinachanua, halafu kinatulia. Magharibi inapendeza vilevile, ila inakuja na joto la saa kumi wakati nyumba imeshachoka. Kioo cheusi-cheusi hunyonya joto hilo, na mikanda ya risasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Kidirisha kidogo kitavumilia. Kikubwa kisichofungwa vizuri kitaanza kubinuka tumbo baada ya miaka.

## Hatua ya 3: Jaribu kwa selofani, siku saba

Watu huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Inagharimu pesa ndogo na imewaokoa wateja wangu wengi kuliko ushauri wangu wowote.

Kata selofani, bandika kwenye kioo kilichopo sasa. Usifunike dirisha zima kwa rangi moja. Weka vipande kama unavyowaza: pembeni bluu, katikati njano, sehemu nyingine iache wazi. Kisha ishi nayo. Piga picha saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na saa mbili usiku, ukisimama palepale.

Dada mmoja wa Tanga alitaka dirisha la jikoni liwe kijani tupu, rangi anayoipenda kufa. Siku ya pili ya selofani alinipigia: "Kaka, wali wangu una rangi ya mgonjwa." Kijani hufanya hivyo kwa chakula na kwa nyuso. Usiiweke pembeni ya kioo cha kujitazama wala juu ya meza ya kula, labda iwe kidogo sana. Njano na rangi ya asali hupendeza watu na vyakula. Nyekundu nyingi inachosha macho chumbani. Bluu ina tabia ya kutapakaa: kipande kidogo cha bluu ukikitazama kwa mbali huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na humeza jirani zake. Ndiyo maana wachoraji wazoefu huipakanisha na vipande vyeupe au mistari minene.

Umefaulu ukiona: siku ya saba bado unapenda kuingia chumbani, na hakuna mtu nyumbani aliyewasha taa mchana kwa sababu ya giza.

Watu wakiwasha taa mchana, punguza rangi. Kanuni yangu kwa chumba cha kukaa ni theluthi moja rangi nzito, theluthi mbili zilizobaki ziwe kioo cheupe au chenye rangi hafifu sana.

## Hatua ya 4: Upepo, faragha na usalama

Upepo. Dirisha la vioo vya rangi kwa kawaida halifunguki. Huku kwetu kuziba dirisha la sebuleni ni kujitia kwenye oveni. Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe walilijua hilo: vioo vya rangi wakaviweka juu, kwenye nusu duara iliyo juu ya mlango au dirisha, na chini wakaacha mbao zinazofunguka kupitisha hewa. Ukifika Unguja, pita Mizingani ulitazame jengo la Dispensari ya Zamani, linaloelekea bandarini. Tazama vioo vyake vilivyowekwa kimo gani kabla hujatazama nakshi. Mpangilio huo bado ndio bora ninaoujua kwa nyumba ya pwani.

Faragha. Mchana kioo cha rangi huonekana kutoka ndani, na nje ni cheusi. Usiku inageuka: taa ikiwaka ndani, ndani unaona weusi, na wapita njia ndio wanaofaidi rangi. Kama kioo kinaonyesha ng'ambo, wanakuona na wewe. Bafuni na chumbani tumia kioo cha maziwa au chenye mawimbi mazito.

Usalama. Vipande vya kioo cha rangi kwa kawaida vina unene wa milimita 3 hivi, na vikivunjika vinakata. Mlangoni, kwenye ngazi, au popote mtoto anaweza kuangukia, lazima upande wa watu uwe na kioo cha laminati, kile cha tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati. Cha milimita 6.38 kinatosha kwa kidirisha cha kawaida.

Na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiweke mikanda ya risasi mahali mtoto anaweza kuigusa kisha kutia mkono mdomoni. Hii ni sababu nyingine ya kuiweka juu, au kuifunika kwa kioo.

## Hatua ya 5: Chagua aina ya kazi, kisha mchoro

Madukani kila kitu kinaitwa "vioo vya rangi", na bei zinapishana kama mbingu na ardhi. Ziko aina nne utakazokutana nazo.

Mikanda ya risasi. Kila kipande kinaingia kwenye mkanda wenye umbo la herufi H, viungo vinashikwa kwa lehemu, halafu puti inasukumwa chini ya mkanda kuziba maji. Hii ndiyo ya dirisha linalopigwa na mvua na upepo.

Utepe wa shaba. Kingo za kila kipande zinafungwa utepe mwembamba, kisha lehemu inamwagwa juu. Inaruhusu vipande vidogo na mikunjo myembamba: ndege, petali, majani. Haina puti, kwa hiyo naiweka ndani tu, au nyuma ya kioo kingine.

Mabonge ya kioo kwenye zege. Kioo kinene cha sentimita 2 hadi 3 kinachochongwa na kumiminiwa zege au gundi ngumu. Karakana za Kitengela, kusini mwa Nairobi, zinajulikana kwa kazi za vioo za namna mbalimbali, na safari ya kwenda kutazama inafungua macho. Ni nzito, ni ya ukuta, si ya fremu ya aluminiamu.

Stika na rangi ya kupaka. Kioo kimoja kizima, juu yake plastiki ya rangi na ukanda wa risasi wa kubandika. Simdharau anayeichagua. Kwa mlango wa choo ni nafuu na husafishika kwa urahisi. Ila jua la magharibi litaipausha, na hupaswi kuilipia bei ya kioo halisi.

Kuzitofautisha si kazi. Omba kuona ukingo wa kipande ambacho hakijafungwa: kioo halisi kwa kawaida kina rangi mpaka katikati ya unene. Kisha pitisha ukucha kwenye mpaka wa rangi mbili. Kwenye kazi halisi ukucha unagonga chuma na pande zote mbili ni vioo tofauti. Kwenye stika unahisi ngazi ndogo ya plastiki au ukanda uliobandikwa juu tu, na ukikwaruza pembeni inanyanyuka.

Sasa mchoro. Angalia mambo mawili tu. La kwanza, idadi ya vipande: dirisha la sentimita 60 kwa 90 lenye vipande 25 na lenye vipande 120 si kazi moja, na bei itakuambia hivyo. La pili, rangi zenyewe. Nyekundu, waridi na chungwa huwa ghali kuliko kijani na bluu, kwa sababu hutengenezwa kwa vitu kama dhahabu, seleniamu na kadimiamu. Ukitaka kuokoa, nyekundu iwe vipande vidogo vinavyoonekana, usiitandaze kwenye mandhari nzima.

Kuhusu sura ya picha, kila nyumba na imani yake. Wako wasiotaka viumbe ukutani, nao wana utajiri wa nyota, miraba na mawimbi. Mimi binafsi nachoka haraka na picha yenye hadithi. Miraba haijawahi kunichosha.

## Hatua ya 6: Pima baada ya lipu

Dirisha langu la kwanza nililipima ukuta ukiwa tofali tupu. Lipu ilipopigwa, tundu likapungua sentimita mbili na nusu. Kioo kilikuwa kimeshakamilika, na cha rangi hakipunguzwi ukingo kama ubao. Kiko stoo mpaka leo.

1. Subiri lipu, marumaru ya kizingiti na fremu vikamilike.
2. Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Chukua kipimo kidogo kabisa kwa kila upande.
3. Pima pembe kwa pembe, mishazari yote miwili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 5, tundu limepinda. Mwambie fundi, au rekebisha fremu kwanza.
4. Toa milimita 6 kwenye upana na 6 kwenye urefu. Hizo milimita 3 kila upande ni nafasi ya kutanuka.
5. Kwa nusu duara, usiamini namba. Bandika karatasi ya kaki tunduni, kata kufuata umbo, andika "NDANI" na "JUU" kwa kalamu nzito. Nimeona nusu duara zilizotengenezwa kinyume kwa kukosa maneno hayo mawili.

Piga hesabu ya uzito pia. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Hilo dirisha la 60 kwa 90 lina kioo cha rangi cha kama kilo 4. Ukiongeza kioo cha laminati, kilo 8 nyingine, na risasi bado hujaihesabu. Fremu nyepesi ya aluminiamu ya kuteleza haikutengenezwa kwa mzigo huo.

## Hatua ya 7: Weka oda kwa maandishi

Maneno matupu ndiyo yanayozaa ugomvi. Karatasi moja inatosha, iandikwe: vipimo vya mwisho, aina ya kazi, namba au kipande cha mfano cha kila rangi, idadi ya vipande, upana wa mkanda wa risasi wa pembeni (kama milimita 10 au 12, kwa kuwa fremu huficha sehemu yake), nani anabeba, nani anafunga, na kikivunjika njiani ni cha nani.

Kwa dirisha linalozidi sentimita 60 upande wowote, uliza kuhusu ufito wa kuimarisha unaofungwa nyuma kwa mlalo. Karibu na bahari uwe wa shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kitalia machozi ya kutu juu ya kioo kabla ya miaka mingi.

Advansi ni kawaida. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya ukaguzi:

- Inua dirisha kuelekea angani. Usione mwanga mweupe kati ya risasi na kioo.
- Gonga polepole kwa kidole sehemu mbalimbali. Likitetemeka na kulia kama sahani zilizopasuka, puti haijajaa.
- Tazama viungo vya lehemu pande zote mbili. Viwe bapa, laini, bila nyufa.
- Linganisha rangi na vipande vya mfano, ukiwa nje juani, si chini ya taa ya karakana.

## Hatua ya 8: Kulifunga na kulitunza

Dirisha libebwe limesimama kwa ukingo, kama mlango. Likilazwa, hukunjika katikati kwa uzito wake.

Muulize fundi anatumia silikoni gani. Ile inayonuka siki hula risasi. Itakiwe isiyo na harufu hiyo, na kati ya risasi na fremu ya aluminiamu ikae mpira au utepe, metali hizo mbili zisigusane kwenye hewa ya chumvi. Kama kuna kioo cha kinga upande wa nje, kiache tundu dogo chini na juu. Ukiziba kabisa, joto na unyevu vitanaswa humo na utapata ukungu usioweza kuufuta.

Kufuta ni kitambaa laini, maji, na tone la sabuni ya vyombo. Usitumie siki, limao, wala dawa za vioo zenye amonia. Risasi ikigeuka kijivu iache, hiyo ndiyo ngozi yake. Ukishaigusa, nawa mikono.

Kwa aliyepanga, usitoboe chochote: agiza paneli ndogo yenye fremu yake, itundike kwa mnyororo ndani ya dirisha lililopo. Ukihama, unahama nayo.

Usiku wa kwanza baada ya fundi kuondoka, washa taa zote, toka nje, simama barabarani. Ukiona rangi peke yake, kazi imekwisha. Ukiweza kusoma matokeo ya mpira kwenye televisheni yako, nunua pazia.